Breki za Bwana Tawakali

Harufu ndiyo iliyotangulia. Devota alikuwa amelala chali chini ya gari la mteja, mikono imejaa grisi, akaisikia kabla hajasikia mlio wa injini: harufu ya breki zilizoungua, kali, ile inayoganda kooni. Akajitoa chini ya gari ili amwone huyo anayejichoma na jua lote hili. Pikapu nyeupe ilikuwa ikijikokota kutoka upande wa Kivinje, imejaa makasha ya barafu, na moshi mwembamba unatoka kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye usukani, bila dereva, alikuwa amekaa Tawakali mwenyewe.

Devota alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. Moyo ulikuwa unampiga kwa furaha mbaya.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ingekuwa siku nyingine yoyote, Tawakali angekata kona kwa Hasani au kwa fundi mwingine yeyote pale Nangurukuru, akapita mbele ya gereji ya Devota akiwa ameangalia upande wa pili, kama alivyofanya tangu mazishi. Lakini muda huo mafundi wote walikuwa wameshafunga, wamekwenda kuoga na kuvaa kanzu, na msikiti wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umeanza kujaa. Gereji iliyobaki wazi ni ya yule mjane wa Kimakonde, mtu wa kanisani. Tawakali naye alitakiwa awe msikitini. Ni mtu wa safu ya mbele huyo, mtu wa kamati, mtu wa kuwauliza wenzake mbona jana hatukuwaona. Ila pweza walikuwa kwenye makasha, barafu inayeyuka, na mnunuzi anasubiri Lindi. Akaona swala itamvumilia kuliko mnunuzi.

Ni vizuri ijulikane mapema kilichokuwa baina ya hawa wawili, maana bila hivyo mtu atasema Devota ana roho mbaya. Na siku hiyo alikuwa nayo, wala tusimpambe.

Sebastiani, mume wa Devota, alikuwa dereva wa Tawakali. Alibeba pweza kutoka Kivinje na Somanga kupeleka Lindi, kwa pikapu nyingine, ya kijani, iliyokuwapo kabla ya hii. Masika ya mwaka jana pikapu ile ilimshinda kwenye mteremko wa Mavuji, ikaacha barabara, ikatumbukia korongoni, na Sebastiani hakutoka humo akiwa hai. Maiti haijafika hata nyumbani, Tawakali ameshawaambia watu kwamba dereva wake alikuwa amelewa. Alisema asubuhi ile alimsikia mwenyewe akinuka uraka. Uraka! Pombe ya mabibo, inayopikwa msimu wa korosho, wakati masika yale mikorosho haikuwa na hata ua. Devota alilisema hilo msibani, akalisema kanisani, akalisema sokoni. Watu walimwitikia kwa huruma, kisha wakaendelea kuamini walichokuwa wakiamini. Basi ilikuwa bia, walisema. Kwani nani asiyejua kwamba Sebastiani alikuwa anakunywa? Ni kweli alikuwa anakunywa, Jumapili, tena kwa kiasi, na hakuwahi kushika usukani na tone mdomoni. Lakini nenda kawaeleze watu.

Devota alijua kilichomuua mumewe. Asubuhi ile Sebastiani alimpigia simu kutoka Kivinje akamwambia breki za nyuma zinashika tena, na pedeli inazama. Devota akamwambia alilete gari alifungue. Akamjibu kwamba tajiri hataki gari lisimame, kasema litatengenezwa akirudi. Maneno hayo Devota aliyarudia kwa kila mtu mpaka ulimi ukamchoka. Neno la mjane kumtetea mumewe lina uzito gani?

Yote hayo angeyabeba. Asiloweza kulibeba lilikuwa limekaa kwenye baraza ya gereji, juu ya mkeka, linabangua korosho. Mama Rosalia, mzazi wa Sebastiani, alishuka kutoka Newala kuja kumzika mwanawe, akabaki. Mume wake mwenyewe aliliwa na pombe, na maisha yake yote aliogopa kwamba mtoto atafuata njia ileile. Alipoambiwa Sebastiani kafa mlevi, aliamini bila kuuliza swali. Tangu mazishi hakulitaja jina lake. Alikataa asisomewe misa. Watu wakija kutengeneza magari yao aliinamisha uso, kama kwamba kila mmoja wao amekuja kudai kitu. Devota alikuwa akimpenda mkwe wake, na bado kuna siku alimwangalia akamchukia. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: mama huyu asikie, kwa masikio yake mwenyewe, kwamba mwanawe hakulewa. Na asikie kutoka kinywani mwa aliyesema alilewa.

Na huyo hapo, anashuka kwenye gari, anajipangusa jasho.

"Hodi, fundi."

"Karibu."

"Breki za nyuma zimejam. Gari zito, halitaki kwenda." Macho yake yalikuwa yanatafuta pa kutua. Yakaangukia barazani. "Shikamoo, bibi."

Mama Rosalia aliweka chini jiwe lake la kubangulia, akainuka kwa shida, akasimama wima.

"Marahaba, baba. Utusamehe, baba. Mtoto wetu alikutia hasara."

Tawakali alikohoa. "Yameshapita, bibi. Tumwachie Mungu. Mimi nilishasamehe."

Alisamehe! Devota alijikuta ameshika spana kwa namna isiyo ya kifundi. Tawakali alisamehe, na mama mzima kasimama mbele yake akipokea msamaha huo kwa mikono miwili. Neno la kumfukuza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alilimeza. Akamwambia, "Zima gari, funguo nipe. Hendibreki usivute."

Akachota maji kwenye kopo, akayamwaga kwenye magurudumu ya mbele, yakatiririka tu. Akayamwaga kwenye ya nyuma. Yakachachatika na kupanda mvuke. Akaweka mawe mbele ya tairi, akaingiza jeki, akainua nyuma. Akajaribu kuzungusha gurudumu la kulia kwa mikono miwili. Halikutikisika. La kushoto lilisogea kidogo likagoma.

Kila fundi ana mpangilio wake, na wa Devota, aliofundishwa na baba yake, ni kuuliza gari swali moja moja. Kwanza alifungua kile kinipo, skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye mafuta ya breki, nyuma ya gurudumu. Kama mafuta ya breki ndiyo yaliyofungiwa ndani, gurudumu lingelegea palepale. Mafuta yalidondoka, meusi, lakini gurudumu liligoma vilevile. Basi kosa halikuwa la mafuta. Akaingia chini ya gari, akafungua nati ya waya wa hendibreki. Safari hii gurudumu lilinung'unika, kisha likazunguka.

"Waya," alisema kutoka chini. "Waya umeganda. Umeshusha hendibreki huku mbele, lakini huku nyuma bado umeivuta."

Aliukwangua kwa ukucha. Ukatoka unga mweupe na kutu. Chumvi.

"Unaliingiza baharini gari hili?"

"Si kuliingiza," Tawakali alisema. "Maji yakitoka tunashusha nyuma kidogo, mpaka walipo watu wa pweza. Makasha yanapakiwa upesi."

"Likiwa mle majini unavuta hendibreki."

"Sasa nisivute? Si litateleza!"

"Limesimama ndani ya maji ya chumvi, hendibreki juu. Kila siku."

"Ndivyo tunavyofanya siku zote, fundi. Watu wote wa pweza wanafanya hivyo."

Ni kweli wote wanafanya hivyo, na ndiyo maana pikapu za pweza zote za pwani ile hufa kwa ugonjwa mmoja. Tofauti ni kwamba wengine dereva akisema gari linaumwa, wanalipeleka kwa fundi.

Alifungua magurudumu, akagonga dramu kwa nyundo mpaka zikaachia. Ndani mlikuwa na aibu. Breki shuu zimeungua zikawa zinang'aa, springi za kuzirudisha zimebadilika rangi kwa moto na kulegea kabisa, na pistoni za kusukumia zimeota kutu. Tawakali alikuwa akitembea huku na huku, akiangalia makasha, kisha msikiti, kisha makasha. Maji ya pweza yalikuwa yanachirizika kwenye vumbi.

"Itachukua muda? Nataka niwe nimeondoka kabla watu hawajatoka."

"Kwa nini? Wakikuona watasemaje?"

Tawakali akavuta ndoo akaikalia.

Devota alifanya kazi yote, wala hakuruka hata moja. Alitoa waya wa hendibreki kabisa, maana mpya usingepatikana pale siku ile, na uliokuwapo ulishakufa. Alisugua dramu na breki shuu kwa msasa. Alifunga springi alizozitoa kwenye gari lililolala uani, nzima na ngumu. Alisafisha pistoni, akabadilisha raba zake, akapaka grisi panapostahili. Alifanya haya kwa mikono yake, lakini kichwani alikuwa akizungumza na Tawakali maneno ambayo hayaandikiki.

Ikabaki kutoa upepo. Kazi hiyo huhitaji watu wawili: mmoja chini kwenye gurudumu, na mwingine ndani kwenye pedeli. Siku zote Hasani ndiye aliyemkanyagia, na Hasani alikuwa kwenye swala.

"Ingia ndani unikanyagie," Devota alisema. "Nikisema kanyaga, kanyaga ushikilie. Usiachie mpaka nikuambie. Na unijibu kwa sauti, kipaza sauti cha msikitini kinanizidi."

Tawakali aliingia. Mlango ulikuwa wazi, umeelekea barazani. Hotuba ya Ijumaa ilikuwa imepamba moto, sauti inapasuka kwenye spika. Devota akalala ubavu kwenye gurudumu, spana mkononi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!" Alifungua kinipo, mafuta meusi yakatoka na mapovu. Akafunga. "Achia! Harufu huwa inaanza wapi?"

"Nikishakata kona hapa njia panda!"

"Kanyaga! Na pedeli huwa inazama?"

"Inazama! Siyo hapa! Mbele huko!"

"Wapi?"

"Nikifika Mavuji! Pale kwenye mteremko, ndipo inakuwa laini!"

"Inafika chini?"

"Nusu! Ila ukipampu inarudi! Au usimame, umwagie maji magurudumu, usubiri yapoe!"

Alijibu vizuri, kwa ukamilifu, kama mgonjwa anavyomjibu daktari anapoitaka dawa. Devota alilishika kila neno. Hakubadilisha sauti.

"Achia! Ya kumwagia maji umefundishwa na nani?"

"Sebastiani! Alikuwa anafanya hivyo lile gari la kijani! Nalo lilikuwa hivihivi! Kila siku ananipigia simu, bosi breki zinashika, bosi pedeli..."

Akanyamaza. Mguu ukabaki juu ya pedeli, haukushuka wala haukupanda.

Barazani, jiwe la kubangulia korosho lilikuwa limeacha kugonga. Devota hakuinua kichwa kuangalia. Aliogopa akiangalia atalia, na kilio hakikuwa na kazi pale.

"Kanyaga," alisema.

Tawakali akakanyaga.

Kinipo kilikuwa mbele ya uso wa Devota, na spana imekikumbatia. Hapo ndipo lilipomjia, na tulitaje kwa jina lake: kumuua. Hakuhitaji kukata kitu wala kuvunja kitu. Akiache tu hakijakazwa, nusu duara. Pale gereji pedeli ingekuwa ngumu na nzuri. Njiani mafuta yangevuja tone kwa tone, na akifika Mavuji mguu wake ungekwenda mpaka sakafuni. Angekufa akijua. Hata kama ni kwa muda mfupi kiasi gani, angejua. Devota alilala pale akilionja wazo hilo, na lilikuwa tamu, na asitokee mtu wa kusema halikuwa tamu.

Kisha akauona msiba wa Tawakali. Kivinje nzima ingefurika. Wangesema alikuwa mtu wa watu, mtu wa safu ya mbele, na Sebastiani angebaki mlevi milele, maana aliyelijua jambo hilo angekuwa ametiwa kaburini nalo. Hapana. Alimtaka akiwa hai, akiwa na ulimi. Akakaza kinipo mpaka spana ikagoma, akahamia upande wa pili, akakaza cha huko, akarudia vyote kwa kuhakikisha. Akajaza mafuta mapya juu.

"Kanyaga mara ya mwisho. Ikoje?"

"Ngumu," Tawakali alisema kwa sauti ndogo. "Iko juu."

Watu walianza kutoka msikitini. Hasani alikuja moja kwa moja, kanzu bado nyeupe, viatu mkononi, na nyuma yake Mzee Hussen, mwadhini, na wengine wanaopenda kuona gari linafungwa. Mzee Hussen alimtazama Tawakali akishuka.

"Na wewe leo safu ya mbele tulikutafuta."

"Dharura, mzee. Gari."

Devota alikuwa amesubiri mwaka mzima, hakuona sababu ya kusubiri tena. Akasimama katikati yao. "Mzee Hussen, Hasani, njooni msikie. Huyu bwana amesema sasa hivi kwamba Sebastiani alikuwa anamwambia breki zimeshika. Kila siku anampigia simu. Bwana Tawakali, rudia uliyosema."

Tawakali aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akatabasamu kwa upole, akatikisa kichwa.

"Jamani, mimi sikusema kitu. Tulikuwa tunapigiana kelele za breki tu. Huyu dada bado ana uchungu, na ni haki yake. Tumvumilie."

Na Devota akaiona ikija, ile huruma. Akaiona ikipita kwenye nyuso zao. Wengine wakatazama chini. Hasani akamgusa bega akasema, "Pole, dada," na pole hiyo ikamchoma kuliko tusi. Alikuwa nayo kweli yote, na haikumfaa kitu. Akamtazama Tawakali aliyesimama pale na upole wake. Akachoka. Akatoa funguo mfukoni.

"Gari limepona. Hendibreki hakuna, ukisimama weka jiwe. Panda uende."

Tawakali alizipokea. Akafungua mlango. Akaweka mguu mmoja ndani.

Hakupanda.

Alisimama hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja kwenye vumbi, akilitazama gurudumu la nyuma. Akautoa mguu. Akainama, akachungulia chini ya gari. Akainuka.

"Hasani," alisema, "hebu nisaidie kukagua."

"Nikague nini?"

"Alivyofunga."

Hasani alicheka. "Breki za Devota? Mimi mwenyewe zangu ananifungia yeye."

"Basi niendeshee mpaka Lindi. Nitakulipa."

"Mwenyewe si una miguu?"

Devota alikuwa ameshageuka kuokota vifaa vyake. Akaacha. Aliitazama ile shingo ya Tawakali, jasho linavyoteremka kwenye kola, na akaelewa alichopewa. Mtu huyu alikuwa ameikanyaga pedeli kwa mguu wake, akasema kwa mdomo wake kwamba ni ngumu, na bado hawezi kupanda. Devota alikunja mikono akasubiri, na kusubiri huko alikufurahia kuliko chakula.

Mzee Hussen naye alikuwa akitazama. Mzee huyu huongea polepole.

"Tawakali. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Ila huyu mwanamke ananichukia, mzee. Unajua mwenyewe."

"Sijui. Akuchukie kwa lipi? Mumewe alilewa, akakuvunjia gari. Wewe ulisamehe, ukaja kuzika. Wa kuchukia hapo ni wewe." Alimsogelea hatua moja. "Au kuna jingine?"

Hakuna aliyecheka. Wale waliokuwa wametazama chini waliinua nyuso. Lilikuwa jambo rahisi, mtu yeyote angeweza kulifikiri mwaka jana, na hakuna aliyekuwa amelifikiri. Mtu humwogopa yule aliyemkosea.

"Panda basi, tajiri," Hasani alisema. Hakuwa akitania tena. "Pweza wanaharibika."

Mama Rosalia alikuwa ameshuka barazani. Maganda ya korosho yalimdondoka kwenye khanga. Alitembea mpaka mbele ya Tawakali, mfupi, anamfika kifuani, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuwa pale. Masikio yangu ni mazima. Umesema alikuwa anakupigia simu."

"Bibi..."

"Nilisimama nikakuomba radhi." Alinyoosha kidole barazani. "Katika siku hii hii. Ukanijibu umesamehe. Sasa waambie hawa, au panda gari lako tukuone."

Alijaribu. Hilo tumpe. Alishika mlango tena, akaingiza kichwa na bega, akakaa nusu tako kwenye kiti, mkono kwenye ufunguo. Mkono haukuzungusha. Barabara ya Lindi ilikuwa mbele ya kioo, nyeupe kwa jua, na kila mtu alijua anauona mteremko gani. Akashuka.

"Aliniambia," alisema. Aliiambia ardhi, si watu. "Aliniambia breki zinashika. Makasha yalishapakiwa. Nikamwambia nenda, utatengeneza ukirudi. Sasa mlitaka nifanye nini, jamani? Barafu haingoji."

"Na uraka?" Devota aliuliza.

Tawakali akageukia makasha yake.

"Uraka, bwana Tawakali."

"Hakunywa."

"Sema wasikie wa nyuma."

"Hakunywa! Alikuwa mzima! Haya, nimesema!" Akamgeukia Devota, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Nimesema mbele ya watu. Sasa na wewe niambie ukweli. Umefunga vizuri?"

Devota angeweza kukaa kimya, na jambo hilo lilimpitia akilini. Lakini alitaka kuona kitakachofuata.

"Nimefunga vizuri. Hakuna nati hata moja niliyoiacha. Nenda salama."

Tawakali alimtazama usoni kwa muda, akitafuta. Ilikuwa kweli tupu, na hakuweza kuiamini. Aliweka funguo juu ya boneti, akaita bodaboda iliyokuwa imesimama kivulini, akapanda nyuma. Wakaondoka kuelekea Kivinje, wingu la vumbi likiwafuata. Hakuna aliyempungia mkono. Mzee Hussen alisema tu, "La haula," akaenda zake, na wengine wakamfuata wakizungumza kwa sauti za chini, habari itakayokuwa imefika Somanga kabla ya alasiri.

Hasani alibaki amesimama na viatu vyake mkononi. "Devota," alisema. "Mimi pia nilisema ile ya bia." Devota alimwitikia kwa kichwa. Hakumwambia hakuna neno, maana lilikuwapo.

Mama Rosalia alikuwa ameshafungua mlango wa mbele wa pikapu, upande wa abiria. Alikuwa anahangaika kuinua mguu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Gari likitengenezwa si huwa linajaribiwa? Nipeleke Mavuji. Sijawahi kupaona."

Devota alimsukuma juu, akazunguka, akawasha. Gari lilikwenda jepesi, hata na makasha yake nyuma, hakuna tena kinachoshika magurudumu, madirisha wazi. Walipofika juu ya mteremko Devota aliuona ule mti uliochunwa gome na pikapu ya kijani, upande wa kushoto, na korongo chini yake. Mikono yake ilishika usukani ikakauka.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

"Kanyaga."

Devota akakanyaga. Pedeli ilipanda kumlaki mguu, na gari likasimama palepale, limenyooka, katikati ya mteremko. Akaliacha kwenye gia, akashuka akaweka jiwe. Aliporudi, mama mkwe alikuwa bado amekaa, mikono mapajani, anatazama korongoni. Midomo yake ilikuwa inaliita jina la mwanawe, taratibu, mara nyingi, kama anayejaribu kama bado linatamkika.

Baadaye alijifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Yule mtu," alisema. "Usimwombee afe."

"Mama, usiniambie nimsamehe."

"Nani kasema habari ya kusamehe?" Mama Rosalia aligeuka akamtazama mkwewe, macho makavu sasa. "Mungu ampe umri mrefu. Miaka mingi, hapahapa, kwenye barabara hii. Kila aendako awakute wanaojua."

"Amina," Devota alisema, akaenda kutoa jiwe.